Ural Gear Up kwenye theluji ya Minneapolis: pikipiki yenye kigari cha pembeni, mji ukiwa umefunikwa

Watanzania na Wakenya wenzangu wa hapa Minneapolis na Brooklyn Park, jimbo la Minnesota, Marekani, wananiuliza sana kuhusu pikipiki yangu, hasa wanaoniona napita nayo Januari wakati pikipiki nyingine zote zimelazwa kwenye magereji. Nimeamua kuandika kwa kirefu, ili anayefikiria kununua ajue anakwenda kukutana na nini. Ni Ural Gear Up ya mwaka 2016. Niliichukua kwa mtu, ikiwa imeshatumika, na naitumia kwenda kazini msimu mzima wa baridi. Mimi nahudumia wazee majumbani kwao. Kazi hii haina sikukuu ya theluji: bibi anayehitaji kugeuzwa kitandani saa kumi na mbili asubuhi anamsubiri mtu afike, hata kama usiku kucha theluji imeshuka hadi magotini.

Hukumu yangu naiweka hapa juu kabisa. Kwa mitaa ya ndani ya mji, siku ya kwanza na ya pili baada ya dhoruba kubwa, naiamini Ural kuliko gari dogo lolote nililowahi kuendesha. Kwa barabara kuu za kasi, hapana. Na kwa mtu asiyependa kushika spana, hapana pia.

Kwa wasioijua: ni pikipiki kubwa yenye kigari cha abiria kilichofungwa ubavuni, upande wa kulia kwa hizi za Marekani. Kiwanda chake kilianzia Irbit, ng'ambo ya milima ya Ural huko Urusi. Mwaka 1941 Wajerumani walipokuwa wanaikaribia Moscow, Wasovieti walihamisha utengenezaji wa pikipiki za jeshi kwenda mji ule mdogo wa mbali, na jengo kubwa walilolikuta lilikuwa la kutengenezea bia. Pikipiki yenyewe, M-72, iliigwa kutoka BMW R71. Tangu mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, zinaunganishwa Petropavl, Kazakhstan, na ofisi ya Marekani iko jimbo la Washington. Kwa hiyo chombo hiki kimebuniwa na watu wanaoishi na baridi, na ukiishika unaona: vyuma vinene, nati kubwa zinazoshikika ukiwa umevaa glavu, tairi la akiba limefungwa nyuma ya kigari na linaingia gurudumu lolote kati ya matatu.

Injini ni ya sentimita za ujazo 749, silinda mbili zilizolala huku na huku, inapozwa na hewa, na nguvu zake ni kama farasi 41. Farasi 41 kwa chombo chenye uzito wa zaidi ya kilo 330 kabla hujapanda ni kidogo. Nguvu za injini zinafika gurudumuni kwa shafti, yaani fimbo ya chuma inayozunguka, hakuna mnyororo wa kujaa chumvi na barafu. Gia nne za mbele na rivasi. Msidharau hiyo rivasi. Ukiingia kwenye kichochoro ambacho theluji imekizidi, kilo mia tatu na ushee huzisukumi kwa mikono.

Sasa nije kwenye sababu iliyonifanya ninunue Gear Up, nikaacha Ural nyingine zilizokuwa rahisi zaidi. Gurudumu la kigari linaweza kuendeshwa na injini. Kuna shafti fupi inayotoka gurudumu la nyuma la pikipiki kwenda gurudumu la kigari, na kuna mkono mdogo wa chuma upande wa kulia unaoiunganisha au kuitenganisha. Ukiuvuta, magurudumu mawili yanasukuma kwa pamoja. Hakuna difu kati yake, yaani ile gia inayoruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti. Yanazunguka sawasawa, yakitaka yasitake. Hapo ndipo pana faida yote na hatari yote.

Faida ni hii. Pikipiki ya kigari ikisukumwa na gurudumu moja tu, mwendo wake haujanyooka. Ukiongeza mafuta, kigari kinabaki nyuma na kukuvuta kulia. Ukifunga breki, kigari kinataka kutangulia na kukupeleka kushoto. Kwenye lami kavu unazoea ndani ya muda mfupi, mikono inafanya yenyewe. Kwenye theluji nzito ule mvuto wa kulia unageuka balaa, maana gurudumu la nyuma linachimba shimo lake palepale na kigari kinakaa kama mzigo uliotiwa nanga. Unganisha gurudumu la pili, na chombo kizima kinanyooka na kwenda mbele. Mara ya kwanza kuhisi hivyo nilipiga kelele ya furaha ndani ya kofia ngumu.

Hatari ni kwamba kwa kuwa hakuna difu, ukijaribu kukata kona kwenye lami kavu magurudumu yale mawili yanagombana, pikipiki inakataa kugeuka na kusonga moja kwa moja mbele. Unaumiza shafti, na unaweza kujikuta upande wa magari yanayokuja. Kwa hiyo unaunganisha ukiwa umesimama au unatambaa, penye theluji, barafu, matope au mchanga tu, na unatenganisha kabla ya kufika lami iliyosafishwa. Muuzaji mmoja aliwahi kuniambia niache imeunganishwa msimu wote wa baridi "kwa usalama." Ushauri ule ni mbaya, na nikimwona mtu anaurudia namrekebisha hapohapo.

Kuelewa kwa nini jambo hili lina maana hapa, lazima mjue jinsi Minneapolis inavyosafisha theluji. Mji ukitangaza dharura ya theluji, usiku wa kwanza kuanzia saa tatu yanasafishwa yale mabarabara makuu ya mitaa yenye alama za bluu. Siku ya pili asubuhi ndipo malori ya kusukuma theluji yanaingia kwenye mitaa ya kawaida, upande wa nyumba zenye namba shufwa, siku ya tatu upande wa namba witiri. Maana yake, kama unakaa mtaa wa ndani kama mimi, asubuhi ya kwanza unatoka nyumbani kwenye theluji ambayo haijaguswa na mtu, halafu mwisho wa kichochoro unakutana na tuta. Lori limepita barabara kuu na kukusukumia ukuta wa theluji uliochanganyika na mabonge ya barafu na chumvi, ukashikana usiku. Majirani zangu wanalikata kwa chepe, nusu saa, saa nzima.

Mimi nafanya hivi. Nasimama mita chache kabla ya tuta, naunganisha gurudumu la pili, naweka gia ya kwanza, naachia klachi taratibu bila kurusha mafuta. Naliingia tuta kwa unyoofu, kamwe sio kwa mshazari. Pua ya kigari inapanda kwanza, unasikia barafu ikisaga chini ya bodi, usukani unatikisika kidogo kwenye viganja. Halafu gurudumu la kulia linauma, la nyuma linauma, chombo kinajivuta juu na kushuka upande wa pili. Tuta likiwa refu mno, rivasi, narudi nyuma, naingia tena kwenye njia ileile niliyoianza. Mara ya pili au ya tatu linakuwa limelainika. Magari madogo yakiwa bado yanazungusha matairi, mimi nimeshaingia Lake Street.

Ina kikomo, hata hivyo, na kikomo chenyewe ni ile pua ya kigari. Theluji ikiwa laini na kavu, hata ikifika katikati ya gurudumu, inapita. Ikiwa nzito yenye maji, ile ya Machi, pua inaanza kulima na kusukuma rundo mbele yake, na rundo hilo linakuvuta kulia hata magurudumu yote mawili yakifanya kazi. Ukiona usukani unaanza kukulazimisha kushoto ili uende moja kwa moja, simama, rudi, tafuta njia nyingine. Theluji ya sentimita 72, kama ile iliyoangukia mji huu kuanzia Halloween (31 Oktoba) ya mwaka 1991, ambayo wazee wangu bado wanaisimulia kana kwamba ilikuwa juzi, isingepita Ural wala kitu kingine kisicho na chepe mbele.

Kona nazo zinahitaji maelezo, kwa sababu watu wetu wakiiona wanasema "aa, hii ni bajaji." Bajaji ina gurudumu moja mbele katikati na mawili nyuma, pande zote ziko sawa. Hii haiko sawa: uzito wote uko kushoto na kigari chepesi kiko kulia. Ukikata kulia kwa kasi na kigari kikiwa kitupu, gurudumu lake linanyanyuka hewani. Kwenye theluji linanyanyuka kwa nadra, kwa kuwa chombo kinateleza kwanza kabla hakijapata nguvu ya kujiinua. Kinachotisha ni viraka. Unateleza vizuri kwenye theluji iliyoshikana, ghafla gurudumu la mbele linakanyaga kipande cha lami kavu, linashika, na kigari kinaruka. Dawa yake ni uzito. Nikiwa peke yangu nabeba mifuko miwili ya mchanga sakafuni mwa kigari. Inashikilia kigari chini, inaliongezea gurudumu la kulia uzito wa kuuma theluji, na nikikwama kabisa napasua mfuko mmoja na kumwaga mchanga mbele ya magurudumu.

Breki: diski tatu, moja kila gurudumu, na pedali ya mguu inafunga la nyuma na la kigari kwa pamoja. Ural waliweka diski kote kuanzia 2014, mwaka uleule walioacha kabureta na kuweka mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta. Kama unatafuta iliyotumika kwa ajili ya baridi, usishuke chini ya mwaka huo. ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, hakuna. Kwenye barafu kutokuwa na ABS kwa chombo cha magurudumu matatu hakunitishi sana, kwa sababu gurudumu la mbele likifunga na kuteleza huanguki, unateleza ukiwa umekaa wima. Ukiwa na pikipiki ya kawaida ungekuwa chini zamani. Hata hivyo umbali wa kusimama ni mrefu, mrefu sana, na dereva aliye nyuma yako hajui. Mimi naanza kupunguza mwendo nyumba nne kabla ya makutano.

Tairi nyingi zinazokuja nazo ni nzuri kwa changarawe. Kwa baridi nimeweka za mpira laini zenye meno ya kina. Msije mkashawishiwa na video za Wafini na Warusi wenye tairi za misumari: hapa Minnesota misumari kwenye tairi hairuhusiwi kwa sisi wakazi.

Asubuhi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kuna utaratibu. Betri nailaza na chaja yake usiku kucha. Asubuhi kabla ya kufungua swichi napiga kiki taratibu mara kadhaa, injini izunguke bure na oili iachane na vyuma. Ndiyo, ina kiki, mbali na stata ya umeme, kama Honda za zamani za kwetu Njombe, na nashukuru ipo. Halafu swichi, stata, na inaamka. Naiacha ingurume mpaka vichwa vya silinda viwe vya uvuguvugu. Oili ya kiangazi nimeiondoa tangu Oktoba na kuweka nyepesi zaidi.

Baridi yenyewe ndiyo inayowakimbiza wengi. Nimekulia Njombe, najua sakitu juu ya majani ya viazi mwezi Julai, na nilidhani najua baridi. Hii ni habari nyingine. Joto likiwa nyuzi 15 chini ya sifuri na wewe unakwenda kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapokea baridi ya nyuzi 27 chini ya sifuri. Kwa hiyo hakuna ngozi inayokaa wazi. Kilichonisaidia kuliko vyote ni mifuko mikubwa ya turubai inayofungwa kwenye usukani, unaingiza mikono mpaka karibu na viwiko. Ndani yake navaa glavu nyembamba na bado nahisi klachi vizuri. Vishikio vya kupasha moto pamoja na hiyo mifuko ni anasa. Kwenye kioo cha kofia ngumu nimebandika kioo cha pili cha ndani cha kuzuia ukungu, maana pumzi inaganda na kuwa barafu mbele ya macho. Silinda mbili zinazojitokeza pembeni zinapasha moto miguu, jambo ambalo hakuna karatasi ya mauzo inayolitaja.

Abiria wa kwenye kigari anakaa vizuri kuliko dereva. Amekaa chini, kioo kidogo mbele, turubai la kumfunika mpaka kifuani. Shemeji yangu, anayefanya kazi hospitalini, gari lake likishindwa kutoka ananipigia simu: "Shem, nipitie." Anapanda na blanketi, chupa ya chai anaiweka miguuni, na tunapita Franklin Avenue watu wakiwa wamesimama na machepe mikononi wanatupungia. Mara moja alishuka kunisaidia kumvuta baba mmoja wa Kisomali aliyekwama na gari lake karibu na Karmel Mall. Tulifunga kamba nyuma ya fremu ya kigari, gia ya kwanza, magurudumu mawili, na gari likatoka. Sikupendekezei kuvuta magari kwa Ural kila siku, klachi si ya kazi hiyo. Lakini nilipenda sana uso wa yule baba.

Nije kwenye yanayogharimu. Mafuta: hesabu lita saba hivi kwa kilomita mia, na kwenye theluji huku gurudumu la pili likifanya kazi inakula zaidi. Tangi ni la lita 19, kwa hiyo hutaaibika njiani. Huduma ni kila kilomita 5,000: oili ya injini, ya gia, ya shafti, na kurekebisha valvu. Fundi mmoja wa mji huu, simtaji, alinitoza pesa nyingi kwa valvu na kunirudishia zikigonga kuliko mwanzo. Tangu hapo nafanya mwenyewe kwenye gereji ya mjomba, ambayo ina kipasha joto. Silinda ziko nje pande zote mbili, unafungua kifuniko umekaa kwenye kigoda, hakuna cha kukuficha. Mwanamke yeyote anayejua kushona na kupima atayaweza.

Kwenye barabara kuu za maili 65 kwa saa, iacheni. Wenye kiwanda wenyewe wanashauri usizidi kama kilomita 113 kwa saa, na ukiwa kwenye kasi hiyo na upepo wa ubavuni, malori yakikupita yanakurushia matope ya chumvi, ni mateso. Mimi napita mitaa ya ndani hata kama safari inaongezeka.

Chumvi ndiyo adui mkuu. Mji unamwaga chumvi mpaka baridi ipite nyuzi tisa chini ya sifuri hivi, hapo ndipo chumvi ya kawaida inapoacha kufanya kazi vizuri. Inakaa kwenye spoki, kwenye kichwa cha kila nati, kwenye bomba la moshi. Kila nikirudi, kama joto linaruhusu, namwagia maji ya uvuguvugu kwa chini, nafuta, halafu napulizia mafuta ya kuzuia kutu sehemu zote zenye nyuzi za skrubu. Spoki nazifuta moja moja kwa kitambaa. Ni kazi ya kuchosha, na asiyeifanya ataona kutu kabla ya Pasaka.

Bei: mpya inazidi dola 20,000. Iliyotumika na kutunzwa unaipata kwa nusu yake au pungufu, na ukiangalia kwa makini utapata yenye kilomita chache sana, kwa sababu wengi hununua kwa mapenzi na kuiendesha Jumapili za kiangazi tu. Mimi naipa nne na nusu kati ya tano kwa kazi ya mjini ya theluji. Nusu nimeikata kwa huduma ya mara kwa mara.

Ukienda kuiangalia, usikubali kuizunguka tu na kusikiliza injini. Omba uiendeshe kwenye uwanja mtupu wa maegesho. Kata kulia polepole, kigari kikiwa kitupu, halafu ongeza mwendo kidogo kidogo mpaka uhisi gurudumu likitaka kunyanyuka. Kisha mwambie muuzaji aunganishe gurudumu la pili mbele ya macho yako na aliachanishe, mara kadhaa, maana mkono ule ukiwa umeshikwa na kutu utakwama. Chungulia chini ya kigari kwa tochi, pale bodi inapoungana na fremu. Ukikuta unga mweupe wa chumvi na madoa mekundu, punguza bei au ondoka.